Mzee Anaiona Njia, Haoni Herufi



Yapo majumbani mwetu maneno yanayowaumiza wazee: "Babu anajifanya haoni. Mbona msikitini anakwenda mwenyewe?" Tunaomba kauli hiyo ikome. Yapo maradhi ya uzeeni yanayochakaza sehemu ya kati ya retina, nyuma ya jicho, ambayo ndiyo tunayosomea. Mwenye maradhi hayo huuona ukuta, mlango na mtu aliyekaa pembeni. Lakini neno analolikazia macho ndilo linalotoweka. Basi huenda kuswali bila kushikwa mkono, na mus-haf wake ukabaki kabatini.

Kwanza apelekwe kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na si haki kumwachia mzee ukungu unaoweza kuondolewa. Pale miwani na dawa zinapofikia mwisho, kompyuta ile ile ambayo vijana hutazamia mpira yaweza kumrudishia usomaji. Katika kompyuta yenye Windows, kubonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na alama ya kujumlisha hukuza kila kilichomo kwenye kioo, hata aya fupi ikakijaza chote. Wengine hustareheka na maandishi meupe juu ya weusi, kwa kuwa mwanga mkali huwachoma macho. Ipo pia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, isomayo maandishi kwa sauti. Yafaa kwa barua na habari. Qur'ani na aisikilize kwa msomaji mwenye tajwidi, kwani sauti ya mashine haichungi idghamu wala madda.

Ugumu upo kwetu tunaofundisha. Kijana hunyakua kipanya, "Hebu nikufanyie, babu," kisha huyo anaondoka. Mzee hakujifunza kitu, na habari za pensheni yake zimeshajulikana nyumba nzima. Aachiwe kipanya mkononi, hata akikosea mara kumi. Kishale kikuzwe mapema, maana ndicho kinachompotea.

Abdullah ibn Umm Maktum (r.a.), Sahaba asiyeona, alikuwa mwadhini Madina pamoja na Bilal (r.a.). Nasi kwenye kamati za misikiti bado tunabandika hesabu za michango kwa herufi ndogo ili zienee karatasi moja. Karatasi mbili hazitatufilisi.