Mtoto Aliyedumaa Tumboni na Haraka ya Kidonge

Mjamzito wa Kitandililo, kata iliyo chini ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, anaweza kupimwa kliniki kwa utepe, akaambiwa kwamba tumbo ni dogo kuliko umri wa mimba, kisha akarudi nyumbani na maneno hayo bila maelezo zaidi. Mama mkwe atasema ni maumbile ya ukoo. Jirani atasema afadhali, mtoto mdogo hutoka kwa urahisi. Kauli hiyo ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa huwafanya watu watulie mahali ambapo hawapaswi kutulia.

Njombe ni mkoa unaolisha wengine kwa mahindi na viazi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nusu ya watoto wake walio chini ya miaka 5 wamedumaa, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 30. Mazungumzo juu ya takwimu hiyo huanzia kwenye uji na sahani ya mtoto. Ni nadra kuanzia tumboni, ingawa sehemu ya udumavu huanzia huko: kwa mama asiyepata lishe ya kutosha, mwenye upungufu wa damu, malaria au shinikizo la damu, au ambaye kondo lake la nyuma halifanyi kazi ipasavyo.

Kabla ya yote, ni lazima kutenganisha mambo mawili. Kuna mtoto mdogo mwenye afya, na kuna mtoto ambaye ukuaji wake umezuiwa kwa sababu kondo halimpi chakula na hewa ya kutosha. Utepe peke yake hauwezi kuwatofautisha, na huwa hauna maana kabisa pale ambapo umri wa mimba ni wa kukisia. Mama aliyeanza kliniki mwezi wa sita bila kukumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho huenda ana mtoto aliyedumaa, au huenda ana mimba changa kuliko inavyodhaniwa. Kumwanzishia uchungu huyu wa pili ni kumzalisha mtoto njiti kwa mikono ya wataalamu. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kipimo kimoja cha picha ya mawimbi ya sauti kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho cha mapema humsaidia mtaalamu wa mwezi wa nane kuamua bila kubahatisha.

Ukuaji ukishathibitishwa kuwa umezuiwa, na mtiririko wa damu katika kitovu bado ni mzuri, miongozo mingi hushauri mtoto azaliwe kati ya wiki ya 37 na ya 39. Mtiririko ukiwa mbaya sana, upasuaji hupewa nafasi ya kwanza. Wengi waliobaki wanaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, na hapo huja swali la namna ya kuanzisha uchungu.

Kila mkazo wa mji wa mimba hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo. Mtoto mwenye akiba huvumilia, akapumua mkazo unapolegea. Aliyedumaa hana akiba hiyo. Mikazo ikizidi 5 ndani ya dakika 10, hapati nafasi ya kupumua, na mapigo ya moyo wake huanza kushuka.

Misoprosto ni dawa nzuri, nayo imeokoa maisha ya wanawake wengi waliotokwa na damu baada ya kujifungua. Lakini kidonge kinachopatikana kwa kawaida kina mikrogramu 200, ilhali dozi ya kuanzishia uchungu ni mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya nane. Kukikata kwa wembe vipande vinane vilivyo sawa hakuwezekani. Kipande kimoja huweza kuwa na dawa mara mbili ya kingine. Njia salama zaidi ni kukiyeyusha katika mililita 200 za maji, kutikisa, na kumpa mama mililita 25 kila baada ya saa 2. Hata hivyo, dawa ikishamezwa haiwezi kurudishwa. Na kwa mama mwenye kovu la upasuaji wa uzazi haifai kabisa.

Katheta ya Foley, ile ile ya kutolea mkojo, hufanya kazi kwa namna nyingine. Hupitishwa katika mlango wa kizazi, puto lake likajazwa mililita 30 hadi 60 za maji safi ya dawa, nao mlango ukafunguka taratibu kwa kusukumwa. Mikazo haizidi kwa urahisi, na mambo yakienda vibaya puto hutolewa kwa dakika moja. Kwa mtoto aliyedumaa, katika wodi isiyo na mashine ya kufuatilia mapigo, hii ndiyo inayostahili kutangulia, isipokuwa kondo likiwa limeshuka chini au chupa ikiwa imeshapasuka.

Wapo watakaopinga, na wana hoja. Utafiti uliofanyika Nagpur, India, na kuchapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 602 wenye shinikizo la damu. Waliojifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 walikuwa asilimia 57 kwa misoprosto ya kumeza, na 47 kwa katheta. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini kasi ni faida ya mama mwenye shinikizo, ambaye kila saa ni hatari kwake. Kwa mtoto mwenye kondo dhaifu, saa chache za ziada zenye mikazo ya wastani ni bei nafuu. Katheta nayo mara nyingi hufuatwa na dripu ya oksitosini, na dripu inayohesabiwa matone kwa macho huhitaji muuguzi asiyeondoka.

Uholanzi, utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha wanawake 650 baada ya wiki ya 36 ulionyesha kwamba kuanzisha uchungu na kusubiri vilikuwa na matokeo yanayolingana, wala uanzishaji haukuongeza upasuaji. Wasomaji wasichukue hapo ruhusa ya kusubiri. Waliosubiri kule walifuatiliwa kwa mashine mara kwa mara. Kusubiri kijijini wakati wa masika, njia ikiwa tope, ni jambo lingine kabisa.

Kwa hiyo uchungu wa mtoto wa namna hii usianzishwe zahanati, kwa kidonge wala kwa mizizi inayochemshwa nyumbani, ambayo nguvu yake hakuna anayeipima. Uanzishwe penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, na muuguzi anayesikiliza mapigo kila baada ya dakika 30, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Mama asafiri kabla ya wiki ya 37, si siku ya uchungu; akihisi mtoto amepunguza kucheza, asafiri siku hiyo hiyo. Barua ya rufaa itaje tarehe ya hedhi ya mwisho, matokeo ya picha ya kwanza, vipimo vyote vya utepe kwa mfuatano, kovu la upasuaji kama lipo, na dawa yoyote aliyokwisha kunywa, ikiwamo ya miti shamba, iliyoulizwa bila kumkaripia.