Mwenye Shimo Alipe

Kila mara ardhi inapodidimia juu ya machimbo na kumeza watu, twasikia neno lile lile: «Ni mapenzi ya Mungu.» Hunenwa matangani, hunenwa sokoni, hunenwa hata na wakubwa wenye elimu. Nasema wazi: neno hilo ni kumsingizia Mungu kazi ya mikono ya watu.

Tuangalie jinsi ardhi inavyodidimia. Wachimbaji wa makaa ya mawe huingia chini, hutoa makaa, na huacha nguzo za makaa yenyewe ili zibebe mlima. Nguzo zikiwa nene, mlima hutulia. Lakini tamaa ikimshika mwenye mgodi, nguzo huchongwa zikawa nyembamba, apate tani zaidi. Siku moja hupasuka. Dari huanguka, na utupu wa chini hupanda mpaka juu: shamba huwa bonde, ukuta wa nyumba hupata ufa, shimo hufunguka njiani. Pengine hayo huja miaka mingi baada ya kompani kuondoka na faida yake.

Huko Coalbrook, Afrika ya Kusini, sehemu ya mgodi wa makaa ilianguka tarehe 28 Desemba 1959. Kazi haikusimamishwa. Tarehe 21 Januari 1960 nguzo zilivunjika kwa wingi, na watu 435 walizikwa chini. Maiti zao hazikutolewa hata leo. Je, Mungu ndiye aliyezichonga nguzo zile? Mungu ndiye aliyeagiza kazi iendelee?

Hata pwani ya ziwa letu hili makaa ya mawe yalichimbwa zamani, katika bonde la Lukuga karibu na Kalemie. Leo vijana wa Uvira na Fizi hutafuta dhahabu, wala si makaa. Lakini ardhi haijui tofauti; ukiiondolea mifupa yake, itaanguka. Kule Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilinyesha, mashimo yakaporomoka, na watu wapatao 50 wakafa. Mvua ilitoka mbinguni, ndiyo. Mashimo hayakutoka mbinguni. Na kule Kolwezi, mtaani Kasulo, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba mwaka 2014, watu walichimba uani na hata ndani ya vyumba, wakapita chini ya kitanda cha jirani aliyelala.

Wengine watanijibu: «Katekista, tutakula nini?» Neno hili lina uzito, nami silidharau. Mwenye njaa ana haki ya kutafuta chakula. Hana haki ya kuitoboa nyumba ya mwenzake kwa chini. Tena lawama kubwa si ya kijana mwenye sururu. Ni ya yule anunuaye mawe bila kuuliza yametoka wapi, na ya yule apokeaye kodi akafumba macho.

Sheria haikukosekana. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Mungu alimwamuru Musa kwamba mtu aliyeacha shimo wazi amlipe mwenye ng'ombe au punda aliyetumbukia. Ikiwa ng'ombe analipiwa, je, mtoto wa mtu? Na sheria ya migodi ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yasema vivyo hivyo: mwenye hati ya kuchimba atengeneze hasara aliyoitia, hata kama kazi yake iliruhusiwa. Tangu sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, ardhi ni mali ya Serikali. Basi anayegawa haki ya kuchimba chini asijifanye mgeni siku ya maombolezo.

Wakristu, tusiishie kutoa mchango wa matanga. Ukuta ukipata ufa karibu na machimbo, iteni mashahidi, andikeni tarehe, pelekeni neno kwa chefu na kwa hakimu. Mzee wa jumuiya asibariki shimo linalopita chini ya nyumba ya mjane. Aliyekwisha kuchimba alifukie shimo lake, maana amri ya tano na ya saba hazikomi juu ya ardhi. Zashuka mpaka chini ya mgodi.

Tuwaombee marehemu wetu, tena kwa moyo wote. Lakini tusiwafunike kwa uongo. Aliyetoboa azibe, aliyeumiza alipe.