Bandari ya Mombasa ipimwe kabla ya wimbi

Buteba haina bahari, lakini mafuta na makontena ya wafanyabiashara wake hupitia Mombasa.

Mwaka 2018 ubavu wa volkano ya Anak Krakatau, Indonesia, uliporomokea baharini. Tsunami iliua watu zaidi ya 400 bila tahadhari, kwa sababu mitambo ilisubiri tetemeko la ardhi.

Mwaka 2019 volkano mpya iligunduliwa chini ya bahari karibu na Mayotte. Wataalamu wa Ufaransa tayari wamekokotoa kwa kompyuta mawimbi yanayoweza kukipiga kisiwa hicho.

Kenya nayo ikokotoe nguvu ya mawimbi hayo kwenye gati za Kipevu, na Uganda ichangie gharama. Gati zikivunjika, malori hayatafika Malaba.