Ritifaa ya Ng' na Wajenzi wa Kanzidata

Mdharau mwiba mguu huota tende. Ile alama ndogo inayofuata ng', ambayo sote tuliisoma kwa jina la ritifaa, imewasumbua Wakenya wengi pasi na vitabu vya isimu wala vya utarakilishi kuitaja. Kijana aitwaye Ndung'u hujaza fomu ya kujisajili mtandaoni, nayo fomu humjibu kuwa jina lake lina alama isiyoruhusiwa. Huifuta, akageuka Ndungu. Cheti chake cha kuzaliwa kina ritifaa, cha mtihani kinayo, akaunti ya benki haina. Siku majina hayo yanapolinganishwa na mashine, huonekana ni watu wawili, na kijana huagizwa aende kwa wakili akaape kuwa yeye ndiye yeye. Kiapo hicho hulipiwa.

Makala haya yanashikilia kwamba ritifaa ya ng' ni sehemu ya herufi, kwamba anayeikataa katika kanzidata hufuta fonimu ya lugha, na kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ndio wenye wajibu wa kumweleza hivyo. (Wapo wanaosema hifadhidata. Mimi napendelea kanzidata, kwa kuwa kanzi ni hazina, na hazina haihifadhiwi tu, hulindwa.)

Kwanza tutazame yanayotendeka ndani ya mashine. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyopendekeza data iwekwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni iyo hiyo, wakaeleza lugha ya kuyahoji majedwali hayo. Ndiyo asili ya lugha ijulikanayo leo kama SQL. Katika lugha hiyo, matini hufungwa kwa alama mbili zilizo sawa kabisa na ritifaa ya kibodi: moja hufungua, ya pili hufunga. Mwanaprogramu akiandika jina = 'Mwangi', hapana tatizo. Akiandika jina = 'Ndung'u', mashine husoma Ndung, hudhani matini yamekwisha, kisha hukutana na u iliyo yatima na alama inayofungua matini yasiyofungwa popote. Hapo hugoma. Kwa Ng'ang'a mambo huchekesha zaidi: mashine huona matini mawili kamili, Ng na a, na katikati yake neno ang lisilojulikana lilikotoka.

Lau tatizo lingeishia kwenye kugoma, lingekuwa dogo. Mwanya huo huo hutumiwa na wahalifu. Mtu huandika katika nafasi ya jina alama ya kufunga matini, kisha akachomeka amri yake mwenyewe ya kufichua siri au kufuta jedwali zima. Kwa kuhofia mashambulizi hayo, wanaprogramu wengi waliamua kuipiga ritifaa marufuku. Mfano wao ni wa mwenye nyumba aliyeziba mlango kwa matofali ili wezi wasiingie, huku dirisha likiwa wazi, maana nafasi za namba hazihitaji alama za kufungia, na mhalifu aweza kupitia huko.

Dawa ya kweli inajulikana tangu zamani. Amri na data hutenganishwa. Amri huandikwa kwanza ikiwa na pengo mahali pa jina. Mashine huuelewa muundo wake. Kisha jina hupelekwa peke yake likajaze pengo. Lililo ndani ya pengo hubaki kuwa data hata likiwa na ritifaa kumi. Java, PHP na Python zote zina njia hiyo. Basi anayeendelea kumkatalia Ndung'u jina lake kwa kisingizio cha usalama ni mvivu, wala sioni jina jingine la kumpa.

Huenda mwanaprogramu akajitetea kuwa hata Waayalandi wana O'Brien na wamezoea kuandikwa OBrien. Utetezi huo haufai. O'Brien likinyang'anywa ritifaa, hutamkwa vilevile. Kwetu sauti yenyewe hubadilika. Ngoa ni wivu au tamaa. Ng'oa ni kutoa kwa nguvu kilichoshikilia. Hii ni jozi ambayo kila mwanafunzi wa fonolojia anaifahamu, na ndiyo inayoonyesha ukubwa wa hasara. Chukua orodha ya majina yaliyokwisha kunyimwa ritifaa, umwagize msimamizi wa kanzidata azirudishe. Ataandika amri gani? Akigeuza kila Ng kuwa Ng', atamrejeshea Ng'ang'a haki yake na papo hapo kumharibia Ngugi jina. Hakuna kanuni ya kumsaidia, kwani taarifa iliyotenganisha sauti hizo imeshatupwa. Itabidi kila mwenye jina aulizwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kudai data yake isiyo sahihi irekebishwe, na sioni ni kwa nini jina lisiwe la kwanza.

Ngugi mwenyewe ana lake. Kwa Kigikuyu sanifu huandikwa Ngũgĩ. Hadi toleo la 8.0 lilipotoka mwaka 2018, kanzidata za MySQL zisizopewa maagizo mengine zilitumia seti ya herufi iitwayo latin1, isiyo na ũ wala ĩ, na kuyapanga majina kwa utaratibu wa Kiswidi, kwa sababu programu hiyo ilizaliwa Uswidi. Msomaji ajionee: majina ya Murang'a yakipangwa kwa kanuni za Stockholm, na ũ ikigeuka alama ya kuuliza.

Hata hivyo tusiwalaumu wanaprogramu peke yao. Wamepitia shule zetu, na vitabu vya shule huiweka ritifaa katika sura ya uakifishaji, kando ya koma na nukta. Uamuzi huo una ukweli nusu. Mshairi anapoandika n'take kwa inkisari, ritifaa huonyesha kilichoachwa, nayo ni alama kweli. Katika ng'ambo haionyeshi kuachwa kwa chochote. La kushangaza ni kwamba Yunikodi, kanuni ya kimataifa ya kuzipa herufi namba, imekwisha kuzitenga kazi hizo mbili: U+2019 hupendekezwa kwa ritifaa ya uakifishaji, na U+02BC kwa ile iliyo herufi. Wahandisi wametutangulia katika jambo lililo letu.

Kwa utendaji, namba hizo huzaa kero nyingine. Kibodi hutoa U+0027, programu za kuchapia huigeuza kuwa U+2019 bila kumwuliza mtu, na kwa jicho huonekana karibu sawa. Kwa mashine hayo ni majina mawili tofauti. Maoni yangu ni kwamba mfumo uzipokee zote, kisha uzigeuze kuwa moja mlangoni kabla ya kuhifadhi. Kiisimu iliyo sahihi ni U+02BC. Kwa sasa ningechagua ile ya kibodi, maana ndiyo watu wanayoichapa na ndiyo mifumo mingi itakayobadilishana. Waganda walio na ŋ katika tahajia sanifu ya Luganda waliepuka balaa hili, ila kubadili tahajia yetu leo ni mzigo nisiomtakia mtu.

Idara zetu za Kiswahili ziketi na idara za sayansi ya tarakilishi, chuo kwa chuo, na zianze na kazi ndogo: orodha ya majina ambayo mfumo wowote utajaribiwa nayo kabla ya kukabidhiwa. Ningependekeza Ng'ang'a, Ng'eno, Lang'at, Nyong'o na Anyang'. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa ritifaa yake iko mwishoni kabisa, na programu yenye mazoea ya kufyeka alama za mwishoni huidhani uchafu.