Soksi Ianze na Mguu Wenyewe

Kila tukisema kwenye mkutano kwamba tunataka kufuma soksi, kuna mtu anacheka. Soksi? Si zimejaa sokoni, tena bei poa? Ndiyo, zimejaa. Zinatoboka kisigino kabla muhula haujaisha, na shule bado inadai soksi. Halafu hapa Nakivale asubuhi za mwezi wa saba si za mchezo, waulizeni wanaoamka kwenda kuchota maji.

Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine. Vitu vingi vinatufikia vikiwa vimeshapimwa na mtu asiyetujua. Unapanga foleni, unapewa kilichopo, mguu ndio unatafuta namna ya kuingia. Kati yetu kuna ambao wayo umetanuka kwa miaka ya kutembea peku. Kuna ambao mguu mmoja umevimba na mwingine hapana. Kuna ambao vidole viwili vilibaki Kongo. Kiwanda hakimfikirii mtu wa hivyo, na hatukilaumu. Ila soksi inayoanzia vidoleni kwenda juu inamfikiria, maana inapimwa kwenye mguu wake kila hatua.

Inakwenda hivi. Unapima mzunguko wa mguu pale penye upana, nyuma kidogo ya vidole. Tuseme ni sentimita 22. Soksi lazima ibane kidogo, kwa hiyo unafanya 20. Unafuma kipande kidogo cha kujaribu na kuhesabu: kama sentimita 10 zina vitanzi 28, basi unahitaji vitanzi 56. Unaanza na 24 tu, 12 juu na 12 chini, bila mshono wa kuumiza vidole. Mmarekani Judy Becker alieleza namna nzuri ya kuvianzisha mwaka 2006 kwenye jarida la intaneti linaloitwa Knitty, na watu bado wanaiita kwa jina lake. Kila mzunguko wa pili unaongeza vinne, mara nane, ndiyo 56. Mwenye vidole pungufu anaongeza upande mmoja haraka kuliko mwingine, basi, imekaa.

Unataka kujua kama inatosha? Pitisha uzi mwingine ndani ya vitanzi, chomoa sindano, vaa. Ikibaki kama sentimita 5 kufika mwisho wa kisigino, chukua nusu ya vitanzi, 28, ufume kwenda na kurudi, kila mstari ukiacha kimoja, mpaka vibaki kama 10 katikati. Halafu unavirudisha kimoja kimoja. Kinatokea kikombe, kisigino kinalala humo. Baada ya hapo ni kupanda tu.

Sindano? Spoki za baiskeli. Unene wake ni karibu milimita 2, hiyo hiyo inayotakiwa kwa soksi. Unazikata, unazisugua ncha kwenye jiwe, tano zinatosha.

Na uzi ndipo njia hii inapotufaa sisi zaidi. Uzi wetu unatoka kwenye masweta ya mtumba tunayoyafumua. (Angalieni mshono wa ubavuni kabla ya kununua: kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, mtapata vipande vifupi visivyofaa kitu.) Hujui utapata kiasi gani. Jozi ya mtu mzima inakula kama gramu 100. Ukianzia juu na uzi ukaisha, umebaki na soksi isiyo na vidole, kazi bure. Ukianzia vidoleni, uzi ukiisha mapema una soksi fupi, lakini ni soksi. Unagawa uzi mafungu mawili sawa kabla ya kuanza, unafuma mpaka tone la mwisho.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, tunawaheshimu, ila tuseme ukweli. Msituandikie hii kama mradi wa kipato. Jozi moja inachukua jioni nyingi, na hakuna jirani atakayeilipia jioni hizo zote. Tumeshaona mafunzo ya kufuma ambako wote wanatengeneza sweta moja la mtoto, rangi moja, picha zinapigwa, sindano zinakusanywa, kwisha. Aliyefundishwa hivyo anajua sweta lile tu. Mtu aliyejifunza kupima mguu wake anaweza kupima wa mama yake, wa mdogo wake, wa mzee wa nyumba ya pili mwenye kisukari ambaye soksi ya kubana inamwachia alama.

Tunachoomba si kikubwa. Masweta ya mtumba ya kufumua, tepu za kupimia, mizani ndogo ya jikoni. Na sindano zibaki mikononi mwa aliyefundishwa. Spoki tutatafuta wenyewe kwa mafundi baiskeli.