Muwaambie waache, waende wapi?

Kila mara tukipitisha redioni habari za wabinti wanaouza mwili, simu zinaingia mbio: muwaambie waache! Ndugu wasikilizaji, waache waende wapi?

Februari 2025 kambi za Bulengo, Lushagala na zingine pembeni ya Goma zilivunjwa. Wengi walirudi Masisi na Rutshuru. Waliokuta nyumba zimebomolewa, na wale wasiokuwa na mzazi wa kurudia, wakabaki mjini, watatu wanne katika chumba kimoja cha mbao. Benki zilikuwa zimefunga tangu Januari, na kazi za kufua nguo ama kubeba mizigo zikapungua. Binti wa miaka 20 mwenye mtoto mgongoni anakula nini hapo? Jibu tunalijua, ila tunapenda kulisema kwa matusi.

Ninasema juu ya watu wazima. Mtoto chini ya miaka 18 ametendewa kosa, na anayemnunua lazima ashitakiwe. Hapo hakuna mjadala.

Kwa mtu mzima, sheria yetu ya adhabu haimfungi kwa kuuza mwili wake, inamfunga anayemtumikisha. Hata hivyo wabinti wanakamatwa usiku na kulipishwa, na asiye na franka analipishwa kwa mwili ule ule anaolaumiwa kuuza. Huo ni ubakaji, hata kama mwenye kuufanya amevaa sare. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 haikusema popote kwamba ndumba habakwi. Katiba nayo, kifungu cha 18, inataka mtu aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa, na asizuiliwe na polisi kupita masaa 48.

Nani anawafundisha hayo? Ni wao kwa wao. Goma na Bukavu kuna vikundi ambavyo wabinti hawa wanaviongoza wenyewe. Wanachanga likelemba, kidogo kidogo, ili mwenye mtoto mgonjwa asilazimike kumfuata mteja ambaye wenzake walishamkataa kwa ukali wake. Wanapeana majina ya wenye kupiga. Mmoja akibakwa, wenzake wanamsindikiza kituo cha afya kabla masaa 72 hayajapita, maana baada ya hapo dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazisaidii tena. Anayeenda peke yake mara nyingi anageukia mlangoni, akiona macho ya wamama kwenye foleni. Anayesindikizwa anaingia.

Mashirika yanakuja na cherehani, miezi mitatu ya mafunzo, picha, kwaheri. (Cherehani ngapi ziliuzwa sokoni kwa bei ya unga, nani amehesabu?) Sikatai cherehani. Ila waulizwe kwanza wao wanataka nini, na wengi wanataka mtaji wa kuuza makala ama samaki, na muuguzi asiyewatukana.

Kuna wanaosema tukiwasaidia tunaharibu watoto wetu. Wateja wao si watoto wetu. Ni waume zetu, kaka zetu, na wenye bunduki. Hao hakuna anayepiga simu redioni kuwasema.

Shefu wa avenue, kikao cha usalama kikiitishwa, mwite na mmoja wa wabinti hao. Wao ndio wanatembea usiku: wanajua kona gani haina taa, na nani anasimama pale.