MHANDISI NA DAKTARI KATIKA SAFU MOJA



Ndugu yangu katika imani, mzee wa kijijini akishika kifua na kuanguka, sisi husema, "Siku zake zimekwisha." Ni kweli, ajali i mikononi mwa Allah. Lakini jiulize: sababu tulizoamrishwa kuzitafuta, tulizitafuta?

Tazama Cameroon. Arthur Zang, kijana mhandisi wa kompyuta, alikwenda kujifunza kazi katika Hospitali Kuu ya Yaoundé. Huko akakutana na Profesa Samuel Kingue, daktari bingwa wa moyo, aliyemweleza shida yao: mabingwa wa moyo ni wachache mno, na wengi wao wako Yaoundé na Douala. Mgonjwa wa kijijini husafiri mbali kwa ajili ya kipimo tu.

Zang akaunda Cardiopad. Muuguzi kijijini humbandika mgonjwa vibandiko vya kipimo kifuani, kifaa kinanasa umeme wa moyo, kisha matokeo hutumwa kwa mtandao wa simu hadi kwa bingwa mjini, naye huyasoma na kurudisha majibu. Mwaka 2016 kifaa hicho kilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi.

Zingatia hapa. Daktari aliijua shida, hakujua kuunda kifaa. Mhandisi alijua kuunda, lakini asingejua wagonjwa wanakwama wapi kama asingeambiwa.

Imam Ghazali, Allah amrehemu, aliihesabu tiba katika fardhi kifaya: asipopatikana wa kuisimamia, mji mzima unabeba dhambi. Mimi naona leo fardhi hiyo haimhusu daktari peke yake. Ikiwa kumwokoa mgonjwa kunahitaji kifaa, anayekiunda naye yumo.

Lakini sisi? Daktari na mhandisi wanaswali safu moja miaka kumi, hakuna anayeijua kazi ya mwenzake. Mtoto akitaka kusomea uhandisi, tunamwambia hiyo ni elimu ya dunia tu. Subhanallah! Na Suratul Maida imetuamrisha kusaidiana katika wema.

Ijumaa hii, baada ya salamu usikimbilie viatu. Mgeukie jirani yako umuulize, "Kazini kwako, ni shida gani inayowashinda?" Huenda Allah amekupa wewe ufumbuzi wake.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Mkumbushe na mwenzako.